Mzee wa Gatwick yumo By the Sea, si Peponi

Kuna wanaodhani mzee wa Kizanzibari anayeomba hifadhi Uingereza yumo katika Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah (kwa Kiingereza Paradise). Hapana, hayumo humo. Yumo By the Sea (2001), riwaya yake nyingine: Saleh Omar anatua Gatwick na pasi yenye jina la mtu mwingine, anajifanya hajui Kiingereza, kisha ofisa wa uhamiaji anamchukulia kijisanduku chake cha udi. Udi, jamani! Peponi ni ya Yusuf, kijana aliyetolewa kufidia deni la babake, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Hiyo ndiyo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota wa hapahapa Dar mwaka 2022. Huenda mkanganyiko umeanzia hapo. Ukitaka maisha ya ughaibuni zaidi, tafuta Admiring Silence (1996), ya Gurnah pia, ila hiyo ni chungu.