Mtoto wa mwashi ndani ya hekalu la Pataleshwar: ushauri kwa wanaokwenda Pune

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti wa Mwanza ambaye ndiyo kwanza ameanza masomo Pune, India. Alinisalimu vizuri, akaniita kaka, kisha akauliza mambo mawili. La kwanza, afikeje Pataleshwar, lile hekalu la kale lililochongwa ndani ya mwamba katikati ya mji. La pili aliliandika kama mtu anayenong'ona: "Mimi ni Mkristo, kaka. Nikiingia mle si nitakuwa nimekosea?"

La kwanza nilimjibu kwa mistari miwili. La pili lilininyima usingizi, maana swali hilo mimi niliwahi kulilipia, na deni lake halijaisha. Nikaona niandike hapa ili wasome na wengine, kwa sababu najua wengi mnaonifuata mko njiani kwenda kusoma ugenini au mnatamani kwenda.

Nilikaa Pune miaka minne. Habari za ada, mitihani na viza naziruka, kila aliyesoma nje anazijua. Niseme tu kwamba kwa karibu mwaka mzima nilipita Barabara ya Jangali Maharaj, ambayo wenyeji wanaifupisha kuwa JM, karibu kila siku ya juma, na sikujua kuna nini pale. Ni barabara kubwa ya maduka, migahawa na honi zisizonyamaza. (Nilikulia Tanga nikisema bajaji, kumbe kampuni yenye jina hilo makao yake yako Pune hukohuko, na wenyeji chombo chenyewe wanakiita riksha.) Hekalu hulioni kirahisi ukiwa barabarani. Jirani yake kuna hekalu la Jangali Maharaj mwenyewe, yule mtawa ambaye barabara imepewa jina lake, hilo unaliona. Pataleshwar liko nyuma ya miti, na mpaka ushuke chini ndipo linajitokeza. Jina lenyewe limebeba maana hiyo: Patala ni ulimwengu wa chini ya ardhi, na Pataleshwar ni bwana wa huko, yaani Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu.

Mara ya kwanza niliingia vibaya. Nalisema wazi kwa sababu sitaki wewe uingie hivyo.

Tulikuwa wanafunzi saba, wote kutoka nyumbani, tumetoka kula, saa saba mchana mwezi wa Mei, jua la Pune likiwa kali kuliko la Tanga. Tuliingia na viatu hadi ndani. Tulikuwa tunacheka, na ukumbi ule ni jiwe tupu, kila sauti inakurudia mara mbili. Karibu na nguzo moja alikuwa ameketi mama wa makamo, amefumba macho, shanga mkononi. Akafumbua macho, akatazama viatu vyetu, si nyuso zetu. Kisha akachukua mfuko wake akatoka. Hakuna aliyetukemea. Afadhali tungekemewa.

Jioni ile nikatuma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Nimesimama mbele ya kile kibanda cha mviringo cha mawe kilichoko uani, nimenyanyua vidole viwili. Nilitaka wanione. Nilitaka wajue kijana wao anaiona dunia.

Aliyejibu wa kwanza ni mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyechanga fungu kubwa la tiketi yangu ya ndege. Aliandika: "Tulikutuma ukasome au ukaabudu mawe?" Halafu akajitoa kwenye kundi. Watu wote waliobaki mle, hakuna aliyeandika neno. Nilimpigia usiku ule, hakupokea. Nilimpigia Ijumaa baada ya sala, hakupokea. Miezi minane ikapita hivyo. Harusi ya dada yangu nilirudi nyumbani, nikamwamkia shikamoo mjomba, akanipa mkono huku akitazama jukwaa. Kwetu mjomba ndiye anayesimama penye jambo lako. Ukimkosa yeye umekosa ukuta wa nyuma.

Baba alinipigia siku mbili baada ya picha ile. Nilijua atanigombeza, nikaanza kujitetea kabla hajasema. Akanikatisha. Baba yangu ni mwashi, amejenga nyumba na misikiti Tanga tangu mimi sijazaliwa. Akaniuliza jambo moja tu: "Hizo nguzo nyuma yako, zimeungwa na nini? Mbona sioni viungo?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimama mle karibu saa nzima, na kitu pekee nilichokuwa nimekitazama ni uso wangu kwenye simu.

Basi nikarudi. Peke yangu, asubuhi mapema, na hilo ndilo la kwanza ninalokushauri: nenda asubuhi. Mji bado umelala nusu, jiwe la uani halijapata moto wa kuunguza nyayo, na wanaokuja saa hizo wamekuja kusali, utajifunza kwao namna ya kukaa. Nilivua viatu nikaviacha nje. Palikuwa na mzee anafagia majani. Kimarathi changu, lugha ya wenyeji wa Pune, kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei ya nyanya, lakini aliponiona nainama kuchungulia shina la nguzo alielewa. Alinishika mkono, akaupeleka ukutani, akausugua polepole juu ya jiwe. Mistari. Maelfu ya mikwaruzo mifupi, sambamba, mmoja baada ya mwingine, ya ncha ya tindo. Hapo ndipo nilipoliona hekalu, mikono ikitangulia macho.

Nguzo hazikuungwa na kitu. Hekalu lote limechongwa katika mwamba mmoja, basalti, jiwe jeusi la kijivu lililotokana na volkano zilizofunika sehemu hii ya India kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita. Mimi nimelelewa kwenye vumbi la saruji. Baba alinifundisha kwamba nyumba huanza na msingi, kisha ukuta, timazi mkononi, na paa huja mwisho. Watu hawa walikwenda kinyume. Anayechonga mwamba kwa njia hii huanza juu, kwenye dari, akashuka nao, na kila anapofika ndiyo sakafu yake ya kusimamia. Hahitaji kufunga miti ya kupandia. Lakini pia hana ruhusa ya kukosea: mwashi akipanga tofali vibaya analing'oa analiweka tena, hawa wakikata palipokuwa pawe nguzo, nguzo imekwenda. Kwa hiyo zile nguzo nene za mraba unazoziona hazikusimamishwa. Ziliachwa. Waliondoa kila kisichokuwa nguzo.

Na kile kibanda nilichopigia picha ya vidole viwili, ndicho kilichonifanya nikae chini kabisa. Ni banda la mviringo, paa lake kama mwavuli, chini yake amelala Nandi, fahali wa Shiva, akiwa ametazama hekalu. Nalo ni la mwamba uleule. Maana yake ua wote unaolizunguka, ile nafasi tupu unayopita bila kufikiri, ilikuwa jiwe. Kuna watu walilitoa kwa nyundo na tindo mpaka likabaki banda peke yake katikati.

Ndani kuna giza na ubaridi. Nyuma kabisa kuna vyumba vitatu, cha katikati kina linga, alama ya Shiva, na watu wanaendelea kuabudu hapo hadi leo. Ukipitisha macho kutani utaona sehemu zimechongwa na sehemu zimeachwa kavu. Hekalu halikumalizika. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mafundi walikutana na ufa kwenye mwamba kule nyuma, wakaacha. Nilipomsimulia baba hilo hakushangaa hata kidogo.

Ni kazi ya karne ya 8, enzi ya wafalme wa Rashtrakuta, haohao ambao mfalme wao Krishna I anatajwa kuwa ndiye aliyechongesha Kailasa kule Ellora, hekalu zima lililoshushwa kutoka kilele cha mwamba. Karne hiyohiyo pale Shanga, kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, watu wa pwani yetu walikuwa na msikiti wao mdogo wa miti. Nililifikiria sana hilo nikiwa nimeketi sakafuni pale. Bahari moja, karne moja, huku wanakata mwamba na kule wanasimamisha nguzo za boriti, kila mmoja anamtafuta Mungu kwa vifaa alivyonavyo.

Sasa nirudi kwa binti wa Mwanza na swali lake. Mimi si shehe wala padri, na mwenye shaka amuulize kiongozi wake wa dini. Ninachoweza kukwambia ni nilichofanya: sikuinama, sikusali, sikugonga kengele, na hakuna mtu aliyenidai nifanye hivyo. Nilivua viatu, nikakaa kimya, nikatazama kazi ya mikono. Sisi watoto wa Tanga shule zilitupeleka kwenye mapango ya Amboni. Mle ndani kuna mahali watu huacha sadaka kwa mizimu, tumepaona kwa macho yetu, na tulirudi nyumbani jioni tukaulizwa tumejifunza nini. Hakuna aliyetuuliza tumeabudu nini. Kwa nini pango la kwetu liwe somo na la wenzetu liwe dhambi? Hili swali nilitamani kumuuliza mjomba. Sijapata nafasi.

Kwa hiyo nenda, mdogo wangu. Nenda asubuhi, narudia. Nenda peke yako au na mtu mmoja asiyependa kelele. Ukifika, simu ibaki mfukoni kwa nusu saa ya kwanza, na usimpige picha mtu anayesali, kama ambavyo hungependa mtu apige picha bibi yako akiwa kanisani. Kiingilio sikuwahi kudaiwa. Ukipewa prasad, yaani kipande cha nazi au sukari kilichotolewa kama baraka, pokea kwa mkono wa kulia. Kama imani yako haikuruhusu kula, usikitupe wala usikikatae kwa uso mkali. Kishike kwa heshima ukampe mwingine nje. Mkono wa kulia kwao ni kama kwetu, hilo hutafundishwa.

Na kabla hujatuma picha nyumbani, wapigie wazee wako kwanza, mmoja mmoja, kwa sauti yako. Waeleze unakwenda wapi na unakwenda kuona nini. Picha haina mdomo. Inafika mahali haina wa kuieleza, na mzee anaisoma kwa hofu aliyonayo moyoni. Ningejua hivi mapema nisingempoteza mtu. Nalisema hili kwa uchungu, na naomba mlichukue kwa uzito wake.

Lingine ni kwa wale mnaokaa miaka mitatu, minne katika nchi ya watu na mnachokijua ni hosteli, darasa na duka la kununulia unga. Niliishi na wenzetu wa namna hiyo. Walijua bei ya dola kila asubuhi lakini hawakujua jina la mto unaopita katikati ya Pune. Ni Mutha. Wamerudi na vyeti, nawaheshimu, lakini India hawajaiona. Mmetumwa na kijiji kizima, basi tazameni kwa macho ya kijiji kizima. Ingieni pale penye kazi ya watu, mkae, mguse kwa mikono panaporuhusiwa.

Kwa wanaokwenda Mumbai, hasa wanaosindikiza wagonjwa na wana siku za kusubiri majibu, kuna Kanheri ndani ya hifadhi ya Sanjay Gandhi, mapango zaidi ya 100 ya watawa wa Kibudha ndani ya mipaka ya jiji lenyewe, na kuna Elephanta, unapanda boti pale Gateway of India. Yote mawili ni makubwa na yana sifa kuliko Pataleshwar. Mimi bado ningekwambia anza na lile dogo la Pune, asubuhi.

Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa nawapeleka wanafunzi wapya wa kutoka nyumbani, wawili wawili, na viatu tunaviacha nje. Nilijivunia sana kuona mmoja wao, kijana wa Mombasa, anapapasa ukuta kwa kiganja kabla sijamwambia.

Siku ile niliyorudi peke yangu nilimpigia baba nikiwa bado uani. Nikamwambia nguzo hazikuungwa, ziliachwa, na habari ya ule ufa. Akanyamaza muda mpaka nikadhani simu imekata. Kisha akasema: "Mwamba ukianza kusema, fundi anaacha. Sawa. Lakini vifusi vyote hivyo walivipeleka wapi?" Tukaanza kuhesabu pamoja kwenye simu, urefu, upana, kina, akinitajia mikokoteni. Salio liliisha kabla hatujafika nusu ya ua.

Nilipiga picha nyingine asubuhi ile, bila uso wangu, ukuta tupu wenye mikwaruzo ya tindo. Niliisafisha kwenye karatasi nikamletea. Ameiweka ndani ya sanduku lake la zana, pamoja na timazi na pima maji. Idi iliyopita mjomba alikuja nyumbani. Baba hakuificha, alilifungua sanduku mbele yetu sote, akamkabidhi ile picha na kumuuliza kama ndiye angepewa kazi hii angeanzia wapi. Mjomba aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akamrudishia baba, akaomba maji ya kunawa.