Kigari cha dizeli kinachogoma kwenye baridi ya Manitoba, Kanada

Pole ndugu uliyeuliza kwa nini kigari chako cha dizeli kinagoma kuwaka. Kama stata inazunguka kivivu kwenye nyuzi -30 na moshi mweupe unatoka bila injini kushika, anza na betri na oili kabla ya kulaumu pampu ya dizeli. Baridi hiyo hula zaidi ya nusu ya nguvu ya betri, kwa hiyo jioni ifungue ikalale ndani. Oili weka 0W-40, ile inayobaki nyepesi kwenye baridi, kama kitabu cha gari kinairuhusu. Halafu funga hita ya bloki, yaani kifaa cha umeme cha kupasha injini, uichomeke saa mbili tatu kabla ya kuwasha. Hiyo ni hela isiyopotea, niamini.

Dizeli iwe ya majira ya baridi. Ya kiangazi hutoa nta ikaziba filta. Subiri taa ya plagi za kupasha (zinazopasha moto ndani ya silinda) izime ndipo upige stata, na usipulize eta, ile dawa ya kopo ya kusaidia kuwasha, kamwe kwenye injini yenye plagi hizo.

Ikiwaka, ondoka taratibu, maana mkanda ukiwa bado na baridi unaweza kukatika ukikanyaga mafuta ghafla. Usiiwashe ndani ya banda lililofungwa, moshi unaua. Betri iliyoganda usiichaji wala kuibusti (kuiwashia kwa betri nyingine): inaweza kulipuka.

Moshi ukizidi, fundi apime plagi na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda.