"Hasn't she grown!" si swali

Ndugu, umeuliza kwa nini Mwingereza akimwona mtoto wa rafiki yake anasema "Hasn't she grown!" (neno kwa neno, "Je, hajakua?") ilhali anaona wazi kwamba mtoto amekua. Hapo haulizi kitu. Anashangaa, na anakualika ukubaliane naye, kama sisi tunavyosema "Jamani, amekua huyu!"

Sikiliza sauti, maana kazi yote iko humo. Kwenye swali la kweli, mfano "Hasn't she eaten?" ("Je, hajala?"), sauti kwa kawaida hupanda mwishoni. Kwenye mshangao hushuka, tena kwa mkazo, na wakiandika huweka alama ya mshangao badala ya kiulizi. Jibu lake ni kuunga mkono tu: "Yes, hasn't she!" Ukisema "No" utaonekana unabisha, na mazungumzo yatapoa papo hapo.

Muundo ni kitenzi kisaidizi (kama has au was) chenye n't, yaani kikanushi not kwa kifupi, kisha kiima: "Wasn't that lovely!" ("Ilipendeza kweli!") Usikirefushe kikawa "Was that not lovely!", kinakuwa kizito mno kwa maongezi ya kawaida.

Halafu kuna mtindo unaosikika sana kwa Wamarekani, wa kuacha kikanushi kabisa: "Boy, am I hungry!" ("Jamani, nina njaa!") Hapo msemaji hakuulizi hali yake, njaa inamuuma kwelikweli.