Kabla Hujatuma Dai la Upasuaji wa Kinywa kwa Bima ya Marekani

Tupo Afrika Mashariki tunaoandaa madai ya bima kwa niaba ya kliniki za meno za Marekani, tukikesha Nairobi au Dar es Salaam wakati huko ni mchana. Madai ya kuziba na kusafisha meno hayana matata makubwa. Yanayorudi ni ya upasuaji, na kwa uzoefu wangu mengi hurudi kwa sababu kazi iliyofanywa na mikono ya daktari haikuingia kwenye faili. Kwa hiyo msimbo, yaani namba inayoiambia bima ni kazi gani imefanyika, utoke kwenye maelezo ya upasuaji wenyewe, usitoke kwenye ratiba ya miadi wala kwenye makadirio aliyopewa mgonjwa kabla ya kulala kitini.

Misimbo hiyo imo katika CDT, orodha ya Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani ambayo hurekebishwa kila mwaka, toleo jipya likianza kutumika Januari 1. Ugomvi mkubwa uko kati ya D7140 na D7210. Wa kwanza ni wa jino lililokwisha kuota, likalegezwa na kung'olewa kwa koleo. Wa pili ni wa jino kama hilo lililolazimu mfupa uondolewe au jino lenyewe likatwe vipande. Malipo yake hayalingani, na mkaguzi wa bima analijua hilo vizuri. Akiona eksirei ya gego lililosimama wima, kisha akakuta kwenye faili sentensi moja tu kwamba jino namba 30 liling'olewa na mgonjwa akaruhusiwa, atalipa kwa kiwango cha D7140, na kusema kweli simlaumu. Maelezo yanayoweza kutetea D7210 husema kwamba taji lilikatikia chini ya fizi liliposhikwa kwa koleo, fizi ikafunguliwa, mfupa wa upande wa shavu ukapunguzwa, mizizi ikatenganishwa kwa mashine na kutolewa mmoja mmoja, kisha fizi ikashonwa. Kufungua fizi peke yake hakutoshi. Kama daktari hakugusa mfupa wala hakukata jino, andika D7140, hata kama kazi ilimtoa jasho, kwa sababu kutoza kazi ambayo haikufanyika ni udanganyifu.

Magego ya mwisho yaliyokwama yana misimbo yake, na kipimo chake ni kile kinachofunika taji: likifunikwa na fizi tupu ni D7220, sehemu yake ikiwa ndani ya mfupa ni D7230, na likiwa lote au kwa sehemu kubwa ndani ya mfupa ni D7240. Upo pia D7241 wa matatizo yasiyo ya kawaida, kama vile kulazimika kuutenga mshipa wa fahamu, lakini huo usiuguse kama tatizo halikutajwa kwa jina lake. Ambatisha picha inayoonyesha taya zote, yenye tarehe na alama ya upande.

Namba za meno ni mtego unaotuhusu sisi hasa. Tuliozoea mfumo wa FDI, ule wa kimataifa wa kuyapa meno namba za tarakimu mbili, tunajua kwamba gego la mwisho la juu kulia ni 18. Wamarekani huhesabu meno ya mtu mzima 1 hadi 32, wakianzia gego hilohilo, kwa hiyo kwao hilo ni 1, na 18 ni gego la pili la chini kushoto. Ukiandika 38 ya FDI, kosa litajitangaza lenyewe, kwa kuwa kwao hakuna jino lenye namba hiyo. Ukiandika 18 ya FDI, dai litapita kimya, na rekodi za bima zitaonyesha kwamba mgonjwa hana jino ambalo bado analitafunia. Siku jino hilo likihitaji matibabu ya mzizi, dai litakataliwa.

Usingizi wa nusukaputi hutozwa kwa muda: D9222 kwa dakika 15 za kwanza, na D9223 kwa kila kipindi cha dakika 15 kinachofuata. Saa huanza kuhesabiwa daktari anapoanza utaratibu wa usingizi na uangalizi, na huishia pale mgonjwa anapoweza kuachwa salama na wahudumu waliofunzwa. Saa zote mbili zionekane kwenye karatasi ya usingizi. Ganzi na mshono wa kawaida vimo ndani ya bei ya kung'oa, usivitoze kando.

Uliza pia mapema kama bima ya afya inapaswa kutangulia kulipa, kwani baadhi ya mipango ya meno hudai hivyo kwa magego yaliyokwama. Huko utatumia CMS-1500, fomu ya madai ya bima ya afya, na msimbo wa ugonjwa, ambao kwa jino lililokwama ni K01.1.

Dai likikataliwa, usilitume upya kana kwamba ni jipya, maana litaonekana limerudiwa. Soma sababu iliyoandikwa, kisha kata rufaa ukiambatisha picha na maelezo kamili ya upasuaji. Ikiwa maelezo yana pengo, mwombe daktari aandike nyongeza yenye tarehe ya siku anayoiandika pamoja na sahihi yake, na maandishi ya awali yaachwe kama yalivyo. Asipokumbuka vizuri alichofanya, pokea malipo ya D7140 na ufunge faili.