Gradienti ni mteremko au mwinuko?

Msomaji mmoja anatafsiri noti za hesabu za chuo, kauliza hivi: gradienti ya fanksheni aiite mteremko au mwinuko, na akiiacha gradienti aseme "gradienti ya" ama "gradienti wa"?

Haya. Mteremko kwa mstari ulionyooka, ile m ya y = mx + c, sina ugomvi nao, ni namba moja tu na ikiwa hasi mstari unashuka basi. Shida inaanza ukifika kwenye fanksheni ya x na y, maana hapo gradienti siyo namba tena, ni vekta, yaani kitu chenye ukubwa na mwelekeo, na inaelekea kule fanksheni inakopanda kwa kasi kuliko pengine pote. Sasa kuteremka kwa Mswahili ni kushuka, hakuna namna, ukimwambia mtu afuate mteremko atashuka kumbe vekta inamwambia apande. Chukulia dereva wa lori pale Kitonga, Iringa: akitokea Ruaha Mbuyuni anapandisha mlima Kitonga, akirudi anashuka mteremko wa Kitonga, barabara ni ile ile ila jina linafuata pua ya gari imeangalia wapi. Gradienti haijali pua ya gari, yenyewe inaonyesha juu siku zote, tena juu moja kwa moja bila kona (ndo maana barabara imezungushwa zungushwa vile, lori likifuata gradienti litazima njiani).

Mwinuko nao watu wa jiografia walishauwahi. Mwinuko wa Kilimanjaro ni mita 5,895, huo ni urefu toka usawa wa bahari, hausemi mlima unapanda kwa kasi gani wala kuelekea wapi.

Kwa hiyo mi naandika gradienti, ngeli ya I-ZI kama maneno mengi ya kukopa: gradienti ya f, gradienti hii, gradienti hizi mbili. "Gradienti wa" hapana.

Ona yanavyogawana kazi. Chukua f = x² + 3y, simama pale (2, 1). Mwinuko wako, yaani thamani ya f hapo, ni 7. Gradienti ni (4, 3), yaani kasi ya kupanda upande wa x ni 4 na upande wa y ni 3, ukubwa wake 5. Na ukitaka mteremko mkali kabisa, kama wanavyofanya wale wanaofundisha kompyuta kupunguza makosa hatua kwa hatua, geuza alama: (−4, −3). Huo sasa uite mteremko, ni halali yake.