Akili mnemba ya hadithi yako inakula umeme wa nani?

Hadithi yangu ya kwanza yenye akili mnemba niliiandika kwa siku tano, na niliipenda kwa moyo wote. Mhusika mkuu, Zuhura, anazaliwa ndani ya seva moja, kompyuta ya kuhudumia kompyuta nyingine, jijini Dar es Salaam saa kumi na mbili jioni. Kila saa uwezo wake unaongezeka maradufu. Kesho yake jua likizama, dunia nzima imo mikononi mwake.

Nikampa mtoto wa kaka yangu aisome, maana kazi yake ni kutunza seva. Akanirudishia ikiwa na swali moja pembeni, kwa penseli: "Shangazi, umeme anautoa wapi?"

Nilikasirika. Nikamwambia hiyo ni hadithi tu. Hakubishana nami, Jumamosi akanipeleka kazini kwake. Chumba chenyewe hakizidi jiko la nyumbani. Kiyoyozi kinanguruma, na mbele ya kabati la seva baridi inauma vidole. Akanizungusha nyuma. "Weka kiganja hapo." Upepo uliotoka ulikuwa kama umefunua sufuria la ubwabwa. Akaniambia kiyoyozi kikifa, mashine hujizima zenyewe zisiungue.

Tulipotoka tukapiga hesabu nyuma ya bahasha. Chukua seva inayokula kilowati 1. Ikiongezeka maradufu kila saa, baada ya saa 10 unataka kilowati 1,024, yaani kama megawati moja. Si mbaya. Baada ya saa 21 unataka megawati 2,097. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo yake yote tisa ikizunguka, lina uwezo wa megawati 2,115. Ikifika saa ya 22, saa kumi alasiri ya siku ya pili, Zuhura wangu hana pa kwenda, na jua bado liko juu.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, piga hesabu hiyo kabla hujaanza sura ya pili. Usiogope kwamba itaiua hadithi.

Utaniambia Zuhura hahitaji mashine zaidi, anaboresha programu yake tu. Hoja hiyo ina uzito, na ni ya siku nyingi. Mwaka 1965 mwanahisabati Mwingereza I. J. Good, aliyefanya kazi na Alan Turing, mmoja wa waasisi wa sayansi ya kompyuta, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliandika kwamba mashine iliyompita binadamu kwa akili itabuni mashine bora kuliko yenyewe, nayo ibuni nyingine, mpaka akili ilipuke. Mimi siipuuzi hata kidogo. Mwandishi akiitumia vizuri, ndiyo njia ya kweli zaidi ya kumkuza mhusika wake haraka. Ila programu bora nayo lazima ijaribiwe ndipo ijulikane kuwa ni bora, na hapo ndipo wengi tunateleza.

Tazama AlphaZero, programu ya akili mnemba inayojifunza michezo. Mwaka 2017 ilianza na kanuni za sataranji tu, ikacheza na nafsi yake, na ndani ya saa chache ikaipita programu iliyokuwa miongoni mwa bora duniani. Iliwezekana kwa sababu sataranji yote inaingia ndani ya kompyuta. Kete hazingoji mvua wala mshahara. (Na bado ilitumia maelfu ya chipu maalumu, vile vipande vidogo vinavyopiga hesabu ndani ya kompyuta.) Sasa linganisha na chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio lake kubwa, ambalo Bagamoyo na Korogwe zilishiriki, lilichukua miaka, kuanzia 2009 hadi 2014. Watoto walipaswa kuchomwa sindano, wakue, waumwe na mbu, wafuatiliwe. Zuhura angeweza kufikiri mara milioni zaidi ya madaktari wale, lakini mtoto wa Korogwe hakui haraka kwa ajili yake.

Kwa hiyo mwulize mhusika wako: jambo unalotaka kulijua linajaribiwa ndani ya mashine, au huku nje kwetu? La ndani, mwache apae, msomaji atakuamini. La nje, mpe miezi, mpe watu wa kumsaidia, mpe chipu za kisasa zaidi zinazotengenezwa Taiwan, ambazo mitambo ya kuzichora hutengenezwa na kampuni moja tu ya Uholanzi, ASML, nayo huletwa kwa ndege na malori na kufungwa na mafundi wenye majina na familia. Kila kitu anachokihitaji kiko mkononi mwa mtu fulani, na hapo ndipo wahusika wengine wanapopata kazi ya kufanya.

Zuhura nimemwandika upya. Sasa hana haraka. Usiku wa nne, saa nane, joto la chumba limefika ukomo na yeye anataka kuendelea. Anamtumia ujumbe mlinzi wa zamu akijifanya meneja: "Shikamoo mzee wangu. Naomba uuache wazi mlango wa chumba cha mashine mpaka asubuhi." Mlinzi anausoma, anausoma tena, kisha anakaa na simu mkononi, kwa sababu meneja huyo hajawahi kumwamkia.