Je, dresa wa vita vya Burma naye alikuwa askari?

SWALI: Shikamoo Mama. Babu mzaa mama alikwenda vita vya Burma (Myanmar ya leo), wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa dresa. Wajomba husema hakuwa askari, alikuwa mwosha vidonda tu. Sasa kwenye sanduku lake la bati tumekuta nyota ya pembe sita iliyoandikwa "The Burma Star". Aliipataje naye hakushika bunduki? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Aliipata kwa haki yake. Nyota ile walipewa waliotumika katika vita vya Burma, mwenye bunduki na mwenye bendeji sawasawa. Kama utepe haujaliwa na mende utauona: buluu, mstari mpana mwekundu katikati, na pande zote mbili kijistari cha rangi ya chungwa. Tafuteni pia cheti chake cha kuachishwa jeshi. Mkikuta herufi EAAMC, basi alikuwa katika kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Mashariki, ingawa mitaani wote waliitwa keya tu, jina la askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw huko Burma mvua zikinyesha. Magari yalizama matopeni, majeruhi wakabebwa kwa machela. Malaria ilikuwepo, na kila siku askari walimeza mepakrini, kidonge kichungu kinachogeuza ngozi kuwa ya manjano.

Lakini mimi niliyeuguza wodini miaka 31 nawaza zaidi ile homa ya utitiri wa vichakani. Wakati ule haikuwa na dawa. Hakuna sindano, hakuna kidonge. Mgonjwa anachemka wiki mbili, anaweweseka, hamtambui mtu. Aliyepona alipona kwa kuuguzwa: kufutwa mwili kwa kitambaa cha maji, kunyweshwa kijiko kwa kijiko, kugeuzwa ubavu huu na huu mgongo usichubuke, usiku kucha, na asubuhi kuanza upya. Kazi hiyo daktari mmoja hawezi kuifanya kwa hema zima. Ni ya dresa. Nimekesha na wagonjwa wa namna hiyo nikiwa na taa ya umeme na bomba la maji, na bado mikono ilitetemeka alfajiri.

Waambie wajomba hivyo, tena kwa heshima, maana ni baba yao. Na nyota msiisugue kwa majivu wala ndimu. Ifuteni kwa kitambaa kikavu, muiweke pamoja na cheti.